Alan Turing: Aliyejigeuza mashine ili sataranji ichezwe

LILONGWE. Mfanyabiashara anayevuka Kasumulu na mzigo wa vitenge au mchele wa Kyela, akapita Karonga na Mzuzu, huikaribia Lilongwe akiwa amechoka na hana hamu ya kona nyingine. Hata hivyo wapo wengi wanaokata njia kuelekea Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka mji mkuu wa Malawi. Pale Kiswahili kinatosha kupatana bei. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Katika vibanda vya soko la namna hiyo huuzwa simu za mtumba. Ukiiwekea mojawapo programu ya bure ya sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, simu hiyo itamshinda bingwa wa dunia. Hilo halikuwa jambo dogo miaka michache tu iliyopita. Mwaka 1982 mashine ya sataranji iliyoitwa Belle, iliyotengenezwa na Ken Thompson na Joe Condon wa maabara za Bell nchini Marekani, ilikuwa safarini kwenda Moscow. Ilikuwa imeshatwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1980. Ndani yake mlikuwa na saketi zilizofungwa kwa kazi moja tu, kutafuta hatua za sataranji, na iliweza kupima hali za ubao zipatazo 160,000 kwa sekunde. Haikufika. Forodha ya uwanja wa ndege wa New York iliizuia kwa madai kwamba ni teknolojia isiyoruhusiwa kuuzwa nje. Ilichukua zaidi ya mwezi na faini ya dola 600 kuikomboa. Msomaji aliyewahi kulala Songwe akisubiri karatasi moja anaweza kumhurumia Thompson.

Leo kazi ya Belle haihitaji sanduku wala stakabadhi ya forodha. Mashine nyingi za zamani za sataranji, zikiwamo zile za mezani za miaka ya 1980, zimeandikwa upya kama programu. Kompyuta ya kawaida husoma maelezo ya mashine ile, waya kwa waya, kisha hutenda kama yenyewe, pamoja na makosa yake. Sababu ya jambo hilo kuwezekana ilielezwa mwaka 1936 na kijana wa miaka 24, wakati hakuna kompyuta hata moja iliyokuwa imejengwa. Jina lake Alan Turing.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius Turing, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India, na mama yake, Ethel Sara, alirudi Uingereza kujifungua. Kisha wazazi wakarejea India, na Alan pamoja na kaka yake John wakaachwa kwa mwanajeshi mstaafu na mkewe katika mji wa pwani wa St Leonards. Waliwaona wazazi kwa vipindi. Ni malezi ambayo watoto wengi wa Dzaleka wangeyatambua, ingawa kilichowatenganisha Turing na wazazi wake kilikuwa mshahara wa dola ya kikoloni, si vita.

Mwaka 1926 alipangiwa shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kufungua muhula iliangukia mgomo mkuu wa wafanyakazi, na treni hazikutembea. Kijana wa miaka 13 alipanda baiskeli kutoka bandari ya Southampton, akalala njiani kwenye nyumba ya wageni, akafika siku ya pili baada ya kilomita zaidi ya 90. Walimu hawakumpenda sana. Mwandiko wake ulikuwa mbaya na hakuwa na subira na masomo yasiyo ya hesabu. Rafiki aliyemfungua macho kwa sayansi, Christopher Morcom, alifariki Februari 1930 kwa kifua kikuu alichokipata utotoni kutokana na maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Turing aliendelea kumwandikia mama wa rafiki yake kwa miaka mingi.

Mwaka 1931 alijiunga na Chuo cha King's, Cambridge, na mwaka 1935 akachaguliwa mwanazuoni wa chuo hicho. Makala yake ya 1936 ilihusu swali la wanahisabati: je, kuna njia ya uhakika ya kuamua kama dai lolote la hesabu linathibitika? Jibu lake lilikuwa hapana. Lakini kilichobaki duniani ni njia aliyopita kulifikia jibu hilo.

Wakati ule neno kompyuta kwa Kiingereza lilimtaja mtu, karani wa kukokotoa. Turing alimtazama karani huyo kama mfanyabiashara anavyomtazama afisa wa dirishani. Anasoma kisanduku kimoja cha fomu, anaangalia kanuni, anaandika au anafuta, anahamia kisanduku kinachofuata. Hana haja ya kujua mzigo ni wa nini. Turing akamwondoa karani akaweka mashine ya kufikirika, yenye utepe mrefu wa karatasi uliogawanywa visanduku. Kila kazi ingekuwa na mashine yake.

Kisha akapiga hatua ambayo hadi leo inashangaza. Kwa kuwa kanuni za mashine yoyote zinaweza kuandikwa, zinaweza pia kuwekwa kwenye utepe wenyewe. Basi inawezekana kuwa na mashine moja inayosoma kanuni za nyingine yoyote na kufanya kazi yake. Haina ufundi wake yenyewe, ila inaweza kuiga wote. Simu ya mtumba ni hiyo mashine. Ikipewa maelezo ya kikokotoo inakuwa kikokotoo, ikipewa ya redio inakuwa redio, na ikipewa maelezo ya Belle inakuwa Belle.

Baada ya masomo ya udaktari huko Princeton, Marekani, aliyoyamaliza 1938, Turing alirudi Cambridge. Mapema mwaka 1939 alikwenda na rafiki yake Fred Clayton kwenye kambi ya wakimbizi karibu na bandari ya Harwich, walikokuwa wakipokewa watoto wa Kiyahudi waliotolewa kwenye nchi zilizokuwa chini ya Hitler. Alikubali kumdhamini kijana mmoja kutoka Vienna aliyefika bila wazazi, na kijana huyo akapata nafasi katika shule ya Kiingereza. Habari hii haimo katika filamu wala kwenye sanamu zake. Turing hakuwa tajiri na hakuwa na mke wala nyumba. Alikuwa na mshahara wa chuo na miaka 26.

Vita vilipotangazwa, tarehe 4 Septemba 1939 aliripoti Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja misimbo. Wajerumani walitumia mashine iitwayo Enigma kuficha ujumbe wao. Wanahisabati wa Poland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, ndio waliotangulia kuivunja, nao waliwagawia Waingereza na Wafaransa walichokijua wiki chache kabla Poland haijavamiwa. Turing alibuni mashine kubwa zaidi, Bombe, na ya kwanza ilifungwa Machi 1940. Ndani ya Bombe moja mlikuwa na vipande vilivyofanya kazi ya Enigma 36 kwa pamoja. Kwa maneno mengine, ilikuwa mashine ya kuiga mashine, ila kwa chuma na magurudumu. Hadi vita vinaisha zilikuwa zimejengwa zaidi ya 200.

Kituo kile kilijaa mabingwa wa sataranji. Hugh Alexander, Stuart Milner-Barry na Harry Golombek walikuwa Buenos Aires wakiichezea Uingereza katika Olimpiadi ya sataranji vita vilipoanza, wakarudi nyumbani na kuingizwa kwenye kazi ya misimbo. Turing aliupenda mchezo huo lakini hakuujua vizuri, na ni muhimu jambo hilo lisemwe, maana watu hudhani mbunifu wa sataranji ya kompyuta alikuwa bingwa. Golombek alikuwa akicheza bila malkia na bado anamshinda. Mara nyingine Turing alipokubali kushindwa, Golombek aliugeuza ubao, akachukua kete za Turing zilizokwisha kushindwa na kushinda nazo.

Kete zilikuwa adimu wakati wa vita. Turing alichimba udongo wa mfinyanzi, akafinyanga seti nzima pamoja na mwenzake wa kazi, Joan Clarke, kisha akazichoma kwenye moto wa makaa chumbani alikopanga. Zilichezeka, ila zilivunjika upesi. Turing na Clarke walichumbiana mwaka 1941. Alimweleza kwamba yeye huvutiwa na wanaume, na baada ya miezi kadhaa akauvunja uchumba. Walibaki marafiki.

Kuna kisa kingine cha vita ambacho mtu yeyote anayetunza mtaji wake nje ya benki atakielewa. Mwaka 1940 Turing aliamini Wajerumani wangevamia na akiba za benki zingepotea. Alitoa pauni zipatazo 250, fedha nyingi kwa wakati huo, akanunua vipande viwili vya madini ya fedha. Alivisukuma kwenye kigari kikuukuu cha mtoto hadi porini, akavizika katika sehemu mbili, na akaandika maelekezo kwa msimbo. Wajerumani hawakuja. Vita vilipokwisha alirudi kuvichimba, mara moja pamoja na rafiki yake Donald Michie wakiwa na kifaa cha kutambua chuma. Mazingira yalikuwa yamebadilika. Mtu aliyesaidia kufichua siri za manowari za Hitler alishindwa kupata fedha yake mwenyewe, na hadi leo haijapatikana.

Oktoba 1941, kazi ilipokwama kwa uhaba wa watumishi, Turing na wenzake watatu, Gordon Welchman, Alexander na Milner-Barry, walimwandikia Waziri Mkuu Winston Churchill moja kwa moja. Milner-Barry aliipeleka barua kwa mkono. Churchill aliagiza wapewe walichohitaji bila kuchelewa. Baada ya vita Turing alitunukiwa nishani ya OBE, lakini sababu halisi haikutajwa. Siri ya Bletchley iliendelea kufungwa hadi miaka ya 1970.

Mwaka 1945 alijiunga na Maabara ya Taifa ya Fizikia kusanifu kompyuta halisi, ACE. Ujenzi ulichelewa. Alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu, na mwaka 1947 alimaliza mbio za marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3, muda ambao wengi wanaokimbia Lilongwe au Kilimanjaro wangeutamani. Mwaka 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester.

Mwaka huo huo, akisaidiana na mchumi David Champernowne, alianza kuandika kanuni za kompyuta kucheza sataranji. Waliziita Turochamp, kwa kuunganisha majina yao. Kanuni zilianza na orodha ya bei, kama dukani. Askari ana thamani ya 1, farasi 3, askofu 3 na nusu, ngome 5, malkia 10. Mashine itazame kila hatua yake, kila jibu la mpinzani, na pale kete zinapoweza kuliwa ifuate ulaji hadi vumbi litulie. Baada ya hapo ijumlishe thamani na kuchagua. Ziliongezwa pointi ndogo kwa mfalme aliyejikinga na kete zenye nafasi ya kutembea. Mzee wa bawo wa Malawi hangeona ajabu, kwani naye huhesabu kabla ya kugusa kete.

Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na kompyuta ya kuziendesha. Turing alijaribu kuziingiza kwenye kompyuta ya Ferranti ya Manchester na hakumaliza. Mwenzake, Dietrich Prinz, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, ndiye aliyefanikiwa Novemba 1951 kuiwezesha mashine hiyo kutatua mafumbo ya kushinda kwa hatua mbili tu. Mchezo mzima haukuingia. Kwa hiyo Turing akafanya kinyume cha makala yake ya 1936. Mashine ilikuwa imechukua nafasi ya karani. Sasa yeye akawa karani badala ya mashine. Mwaka 1952 alikaa mbele ya ubao na karatasi zake na kucheza dhidi ya mwanasayansi Alick Glennie, akitii kanuni badala ya akili yake. Kila hatua ilimchukua kiasi cha nusu saa. Glennie hakuwa mchezaji hodari, lakini karatasi zilipoteza malkia na kushindwa katika hatua ya 29.

Mwaka 1952 ulikuwa mbaya kwa njia nyingine. Nyumba yake iliibiwa Januari. Alipokwenda polisi kuripoti wizi, maelezo yake yalifichua uhusiano wake na kijana wa kiume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza. Kesi ilisikilizwa Machi. Hugh Alexander, yule bingwa wa sataranji, alisimama kumtolea ushahidi wa tabia njema, akijua alichokifanya Turing vitani na akikatazwa na sheria kukisema. Mahakama ikampa hiari ya gereza au matibabu ya homoni ya kuua hamu ya mwili. Alichagua homoni, mwaka mzima. Alipoteza pia kibali cha kufanya kazi za siri za serikali. Mtu aliyeshitakiwa huku shahidi wake mkubwa akiwa amefungwa mdomo hana namna ya kujitetea, na hukumu ile haiwezi kuitwa haki hata kwa vipimo vya wakati wake.

Tarehe 7 Juni 1954 alifariki nyumbani kwake Wilmslow kwa sumu ya sayanidi, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 42. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake hakukubali kamwe. Aliamini ilikuwa ajali ya majaribio ya kemikali.

Mwaka 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali, na Desemba 2013 Malkia Elizabeth akatoa msamaha. Tarehe 23 Juni 2021, siku ya kuzaliwa kwake, Benki Kuu ya Uingereza ilitoa noti mpya ya pauni 50 yenye sura yake, pamoja na jedwali kutoka makala ya 1936 na mchoro wa Bombe. Wabadilishaji fedha wanaopokea pauni wanaijua: ni ya plastiki. Noti ya 50 ya karatasi iliacha kuwa fedha halali baada ya Septemba 30, 2022, hivyo anayepewa ya karatasi njiani aikatae.

Huko Dzaleka, tangu mwaka 2010 wakimbizi wamesoma masomo ya chuo kikuu kwa intaneti, na wapo waliojifunza na kufundishana kuandika programu. Sheria ya Malawi inawataka waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliofungua maduka Lilongwe na miji mingine warudi. Waliofunga maduka waliacha wateja na madeni, na wafanyabiashara wa Tanzania na Zambia waliokuwa wakiwauzia kwa mkopo waliguswa pia. Bidhaa ya dukani hufuata amri iliyomfukuza mwenye duka. Programu haiko hivyo, inaweza kutoka Dowa na kutumika Lusaka au Mbeya bila mwandishi wake kuvuka kizuizi. Sataranji nayo inaenea Malawi. Susan Namangale, mwanzilishi wa Dadaz Chess Academy, ameufikisha mchezo huo hadi vijijini na magerezani.

Turochamp yenyewe ilingoja miongo kadhaa. Mtaalamu wa programu Mathias Feist wa kampuni ya ChessBase, Ujerumani, alichukua kanuni za Turing na kuziandika kwa kompyuta ya kisasa. Kipimo kilikuwa rahisi: programu icheze upya mchezo wa 1952 na kutoa hatua zile zile. Haikutoa. Feist alitafuta kosa lake na hakuliona, hadi ikabainika kwamba Turing hakuwa amefuata kanuni zake kila mara. Palipokuwa na hesabu ndefu, yaelekea aliamini jicho lake na kuruka baadhi. Kuiga mashine ya chuma, hata iliyokufa, kunawezekana hadi kwenye makosa yake, kwa sababu makosa hayo nayo yameandikwa kwenye nyaya. Karani aliyechoka hajaandikwa popote.

Tarehe 25 Juni 2012, siku mbili baada ya kutimia miaka 100 tangu Turing azaliwe, Garry Kasparov aliketi Manchester kucheza na programu hiyo mbele ya wanasayansi. Kasparov ndiye aliyeshindwa mwaka 1997 na Deep Blue ya IBM, mashine yenye chipu 480 za sataranji tupu iliyopima hali zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Safari hii hakuwa na wasiwasi. Hatua zilizomchukua Turing nusu saa zilitoka papo hapo, na Kasparov akashinda kwa hatua 16.